Zile GB 35 za diski zimekwenda wapi?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu huku Mvumi, wilaya ya Chamwino, na pia ni katibu wa kwaya yetu. Nimenunua Dodoma mjini kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, nikaambiwa ina diski ya GB 500 na RAM ya GB 4. Nilipoiwasha nilikuta diski inaonyesha GB 465, na RAM inayoweza kutumika ni GB 3.4 tu, na mashine yenyewe ni nzito mno. Fundi mmoja amenieleza kwamba kampuni za muziki na filamu zilikubaliana na watengenezaji wa kompyuta kuweka ndani ya diski chipu ya hakimiliki, inayokagua kila wimbo na kila video tunayonakili, na kwamba hiyo ndiyo inayokula nafasi na kuielemea mashine. Anataka nimlipe ili aizime. Naogopa pia kwamba siku moja itanizuia kunakili nyimbo ambazo kwaya yetu imezirekodi yenyewe. Je, ni kweli?"

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Usimlipe. Katika diski yako hakuna chipu ya namna hiyo, na zile GB 35 unazoziona zimepotea hazijapotea hata kidogo. Hata hivyo sitaki nikujibu kwa neno moja, kwa sababu habari aliyokusimulia fundi ina chimbuko la kweli ambalo limehamishwa mahali pake, na kwa sababu nafasi na nguvu ya kompyuta yako vinaliwa kweli na mambo ambayo muuzaji hakukutajia. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuhesabiwa, na wewe mwenyewe unaweza kukihesabu ukiwa hapo Mvumi bila kumpigia mtu simu.

Tuanze na diski. Aliyeitengeneza anahesabu kwa makumi: kwake GB moja ni baiti 1,000,000,000, kwa hiyo diski ya GB 500 ina baiti 500,000,000,000. Windows inahesabu kwa mbili zinazozidishwa zenyewe kwa zenyewe, hivyo kwake GB moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya ya kwanza kwa ya pili utapata 465.66, na Windows itakuandikia 465. Mtu akipima mahindi ya gunia moja kwa debe dogo na mwingine akayapima kwa debe kubwa, wa pili atapata madebe machache, lakini hakuna punje iliyopungua. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilijaribu kuondoa mkanganyiko huu kwa kukipa kipimo kikubwa jina lake, gibibaiti, ila Windows haikulifuata na imeendelea kuandika GB. Kompyuta za Apple zilihamia kwenye hesabu ya makumi mwaka 2009, na hapo ndipo penye jaribio zuri kuliko yote: ukiichomoa diski yako na kuiunganisha kwenye kompyuta ya Apple ya miaka ya karibuni, itasomeka kuwa ya GB 500. Chipu inayokula nafasi isingeweza kula kwenye mashine moja na kufunga kwenye nyingine.

Naongeza jambo moja hapa, maana mafundi wengine hulitaja, nao hawakosei. Diski zina njia halali ya kuficha sehemu yake mwishoni, iliyoingizwa katika kanuni za mawasiliano ya diski mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadhi ya watengenezaji wa kompyuta waliitumia kuhifadhi nakala ya kurejesha Windows. Lakini diski iliyofichwa sehemu yake kwa njia hiyo hujitangaza kuwa ndogo kuliko ilivyo, na ungeona, tuseme, GB 455 au 460. Yako inatangaza 465 kamili, kwa hiyo hakuna kilichofichwa humo.

Hesabu ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo mashine huweka kazi inayoendelea, ni tofauti, kwa sababu RAM huuzwa kwa kipimo kilekile kinachosomwa na Windows, na GB 4 zilipaswa kuonekana GB 4. Zile 0.6 zimechukuliwa na kitu halisi. Mara nyingi ni sehemu ya picha: kompyuta ndogo nyingi hazina kumbukumbu ya pekee kwa ajili ya kioo, bali hukata kipande cha RAM, mara nyingi MB 512 au hata zaidi, na kukitenga kabla Windows haijaamka. Sababu ya pili inayowezekana ni kwamba aliyekupigia Windows alikupigia ile ya biti 32. Windows hiyo ya kawaida ina nafasi ya anwani 4,294,967,296 tu za kumbukumbu, yaani moja kwa kila baiti ya GB 4, na baadhi ya anwani hizo hupewa vifaa vingine ndani ya mashine, hivyo RAM inayobaki huwa kati ya GB 3 na 3.5. Fungua mipangilio ya Windows, ingia kwenye ukurasa unaoeleza mfumo, usome kama ni biti 32 au biti 64. Ukikuta 32 na prosesa yako, yaani ubongo wa mashine, inakubali 64, kuipiga upya kutakurudishia sehemu hiyo, na kutakuwezesha kuongeza RAM baadaye, jambo ambalo kwa sasa lisingekufaa kitu.

Sasa nije kwenye uvumi wenyewe, maana nadhani ndio uliokutia hofu zaidi, na una haki ya kujua umetoka wapi.

Mwezi Desemba mwaka 2000 vyombo vya habari vya teknolojia viliripoti kwamba kampuni 4, yaani IBM, Intel, Matsushita na Toshiba, zilizokuwa zimeunda umoja mmoja kwa kazi hiyo, zimetengeneza mfumo wa kulinda nakala uitwao CPRM, na kwamba kulikuwa na pendekezo la kuingiza amri zake katika kanuni ambazo karibu kila diski ya kompyuta duniani huzifuata. Kila chombo cha kuhifadhia kingekuwa na namba yake ya pekee na seti ya funguo, na faili lililofungwa kwa funguo hizo lisingefunguka likihamishiwa kwenye chombo kingine. Watu walipinga kwa nguvu, na walikuwa na hoja: ukivunjikiwa na diski, nakala yako ya akiba iliyoko kwenye diski ya pili ingekuwa haina faida. Wahusika walijibu kwamba walilenga kadi ndogo zinazochomolewa, ambazo baadhi yake hutumia amri zilezile za diski, wala si diski zilizo ndani ya kompyuta. Mwaka uliofuata pendekezo hilo liliondolewa, na diski za kawaida zikaendelea kutengenezwa bila mfumo huo. Hii ndiyo habari iliyozunguka miaka yote hii mpaka ikakufikia, ikiwa imedondosha sehemu yake ya mwisho njiani.

Lakini CPRM yenyewe haikufa. Ipo, na nina hakika kwaya yenu imekwisha kuishika mikononi. Kadi ya SD, ile mnayoiweka kwenye kamera au kwenye kinasa sauti, ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Matsushita na Toshiba, na herufi S katika jina lake inasimama kwa usalama kwa sababu kadi hiyo iliundwa ikiwa na mfumo huo ndani yake. Kuna sehemu ndogo ya kadi ambayo kompyuta ya kawaida haiwezi kuisoma, iliyotengwa kwa ajili ya funguo. Ilikusudiwa iuzwe ikiwa na muziki uliofungwa, na huko Japani ilitumika kweli kwa vipindi vya televisheni vinavyoruhusiwa kunakiliwa kwa masharti. Je, imewahi kuwazuia kunakili wimbo mliourekodi wenyewe pale kanisani? Haijawahi, wala haitawazuia, kwa sababu kadi haisikilizi wala haikagui kitu. Hufunga tu faili ambalo kifaa kilichoandika faili hilo kimeomba lifungwe, na kinasa sauti chenu hakiombi.

Hapa ndipo penye jibu la hofu yako, Mwalimu, nami nalisisitiza kwa sababu watu wengi hudhani kinga hizi zina macho. Kifaa hakijui kwamba wimbo huu ni wa msanii fulani na ule ni wa kwaya ya Mvumi. Kinachojua ni programu inayocheza filamu iliyonunuliwa, ambayo huuliza vifaa vyote kwenye njia, kuanzia prosesa mpaka kioo, kama vina kufuli linalotakiwa. Kama hakuna anayeuliza, makufuli yamelala.

Nisikufiche kwamba limewahi kutokea kosa ambalo liliwaumiza watu kama ninyi. Vinasa sauti vya kidijitali vya miaka ya 1990, kama vile MiniDisc iliyotoka mwaka 1992, vilikuwa na sheria ndani yake iliyoruhusu nakala ya kwanza ya kidijitali na kuikataa nakala ya nakala, na kwa kuwa kifaa hakikuweza kutofautisha, hata mtu aliyerekodi sauti yake mwenyewe kwa maikrofoni alikutana na ukuta uleule. Huo ndio mfano ninaoukumbuka kila ninapoambiwa kwamba wenye hofu hizi ni watu wa kuzusha. Si wazushi. Profesa Ross Anderson wa Cambridge alipoonya mwaka 2002 kuhusu kompyuta ambazo zingewatii watengenezaji kuliko wenye mali, alikuwa anasema jambo ambalo kampuni kubwa zilikuwa zinalijadili waziwazi wakati huo. Mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, ukiziweka kwenye kompyuta, zilijipandikiza ndani ya Windows kwa siri na kufungua mlango kwa virusi, hata ikalazimika kuzirudisha kutoka madukani. Ilikuwa programu na si chipu, lakini mtu aliyesikia habari hiyo na akaendelea kuwa na wasiwasi, mimi simlaumu.

Basi, katika mashine yako kuna kufuli gani hasa la hakimiliki? Kama ina sehemu ya DVD, hilo ni kufuli la kwanza: filamu za DVD ziligawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, nasi tukapewa kanda ya 5, na sehemu ya DVD ya kompyuta hukuruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, kisha hubaki kwenye ile ya mwisho. Halina uhusiano wowote na DVD mliyoichoma wenyewe. Kufuli la pili liko kwenye tundu la HDMI, lile la kupeleka picha kwenye runinga au projekta, na linaitwa HDCP. Linaweza kukufanya uone kioo cheusi pale unapotaka kuonyesha filamu ya kulipia kwa projekta ya zamani kupitia adapta, na watu hudhani projekta imekufa, kumbe inatosha kuweka video yenu ya kwaya ili muione ikitokea bila shida. La tatu liko ndani ya prosesa, na historia yake inasikitisha kwa wanunuzi. Kwa miaka kadhaa diski za filamu za 4K, yaani zenye picha kali zaidi, zilikubali kuchezwa tu kwenye kompyuta zenye uwezo maalumu wa prosesa za Intel uitwao SGX, kisha Intel ikauondoa uwezo huo kuanzia kizazi cha 11 cha prosesa zake za kompyuta binafsi, hata mtu aliyenunua mashine mpya na ya bei kubwa zaidi akajikuta hawezi kucheza diski alizozilipia.

Je, makufuli haya yanailemea kompyuta? Hilo lilibishaniwa sana Windows Vista ilipotoka. Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland aliandika mwezi Desemba 2006 kwamba ulinzi wa video ndani ya Vista ungegharimu nguvu ya prosesa na pesa za kila mnunuzi, na Microsoft ikajibu mwezi uliofuata kwamba ulinzi huo huamka tu filamu iliyofungwa inapochezwa. Mimi naona kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli: gharama ya kubuni na kutengeneza tunailipa sote ndani ya bei, ila mashine inayoandika mtihani wa Darasa la Saba haipungukiwi kasi kwa ajili ya hakimiliki ya mtu.

Uzito wa kompyuta yako unatoka kwingine, na hapa naomba uwe na subira, maana ndiko kwenye faida yako.

Diski yako, kama ni ya kuzunguka kama zilivyo nyingi za GB 500, huenda inazunguka mara 5,400 kwa dakika. Ili isome kipande kimoja lazima mkono wake usogee hadi mahali pake, kisha isubiri sahani izunguke, na kwa wastani nusu mzunguko peke yake ni milisekunde 5.6. Ukijumlisha, haiwezi kusoma vipande vilivyotawanyika hata mia moja kwa sekunde. Windows inapoamka inataka maelfu ya vipande. Juu yake, RAM ya GB 3.4 hujaa mapema, na ikijaa, Windows huanza kuhamishia kazi kwenye diski hiyohiyo na kuzirudisha, huku masasisho yakishuka, kinga ya virusi ikikagua mafaili, na huduma ya kutafuta ikiandaa orodha yake. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila sehemu ya mashine inavyotumika, asubuhi mara baada ya kuwasha, utazame safu ya diski: ukikuta imesimama kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa wakati prosesa imetulia, umekwisha kumwona mhusika. Tazama pia kama kuna programu mbili za kinga ya virusi, kwa sababu mashine nyingi zilizotumika huja na moja ya mwenye mali wa kwanza na nyingine aliyoiweka fundi, na zinakagua faili moja mara mbili.

Nafasi nayo ina walaji wake ambao hawajifichi sana. Windows 10 ya miaka ya mwisho hutenga takribani GB 7 kwa ajili ya masasisho. Faili la kuilaza mashine kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM. Kipande cha kurejesha mfumo huchukua mamia ya megabaiti, na Windows ya zamani iliyoachwa baada ya kupandisha toleo inaweza kukalia makumi ya GB kwa siku 10 kabla haijafutwa yenyewe.

Mlaji ambaye hayumo katika kitabu chochote cha watengenezaji ni vumbi letu. Katika kiangazi cha Dodoma, upepo unapopiga kuanzia Julai hadi mvua zinapokaribia, vumbi laini huingia kwenye feni na kujazana kati ya mapezi ya shaba mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato hujipunguza kasi zenyewe joto linapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi ili zisiungue. Mashine iliyoletwa kutoka nchi ya baridi inaweza kwenda vizuri dukani na kuwa nzito baada ya nusu saa ya kazi. Nimefungua mashine ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba zimekufa prosesa, zikapona kwa brashi, hewa na mafuta mapya ya kupitisha joto. Ikiwa yako huanza vizuri na kuchoka baadaye, huku feni ikinguruma, anzia hapo.

Nina wasiwasi mmoja juu ya fundi huyo, nao si wa pesa tu. Anaposema atazima chipu ya hakimiliki, huenda ana nia ya kuzima TPM, chipu ambayo wengi wameijua tangu Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ikiitaka. Chipu hiyo hutunza funguo. Haikagui nyimbo wala haigusi kasi unayoilalamikia. Lakini ikiwa diski imesimbwa, yaani maandishi yake yamefungwa kwa siri, ufunguo wa kuifungua uko humo, na mtu akiifuta kabla ya kuandika ufunguo wa akiba, mitihani yako na nyimbo za kwaya zitabaki kwenye diski kama herufi zisizosomeka, na hakuna fundi wa Dodoma wala wa Dar es Salaam atakayekurudishia. Uwezekano mwingine ni kwamba atakuwekea programu ya kuvunja makufuli iliyookotwa mtandaoni. Hizo huomba kwanza uzime kinga ya virusi, na nimewahi kupokea mashine ya steshenari moja iliyokuwa inafanya kazi ya watu wengine usiku kucha baada ya kupewa dawa ya namna hiyo.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, kwanza ningenakili kila kitu cha kwaya na cha shule kwenye diski ya nje. Flashi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana nisingezigusa, kwa sababu nyingi hudanganya ukubwa wake na hupoteza mafaili kimya kimya zinapojaa. Kisha ningetoa vumbi, ningeondoa kinga moja ya virusi, na pesa aliyoitaka fundi ningeiweka akiba ya kununua diski ya SSD, ile isiyo na sahani ya kuzunguka, na kipande cha RAM cha GB 4 cha nyongeza. SSD ya GB 256 itasomeka GB 238, na sasa unajua kwa nini. Huenda hata ndani yake kuna takribani asilimia 7 ambayo imejiwekea yenyewe ili ibadilishe sehemu zinazochakaa, nayo hiyo iache, inakutunzia mafaili. Kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine iliyokwisha kutumika kama yako huenda isikubali Windows 11, fikiria pia Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, ambayo ni ya bure na inaandika barua na kuhariri sauti bila tabu.

Na fundi akishikilia neno lake, mwombe afungue mashine mbele yako akuonyeshe hiyo chipu kwa ncha ya bisibisi na akusomee namba iliyoandikwa juu yake. Niandikie namba hiyo, nami nitakueleza ni kitu gani na kinafanya kazi gani.